Macho ya Farasi na Namna Anavyoona: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayojirudia zaidi kwa wafugaji, kwa wapanda farasi, na kwa wale wanaomhudumia mnyama huyu bila kumpanda kamwe. Yameanzia kwenye muundo wa jicho lenyewe na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Muundo wa jicho

1. Jicho la farasi ni kubwa kiasi gani, na ukubwa huo unamsaidia nini?

Ni miongoni mwa macho makubwa kabisa kati ya mamalia wa nchi kavu. Kutoka kwenye konea, yaani ule utando angavu wa mbele, hadi nyuma ya jicho kuna milimita 40 na ushei, ilhali jicho la mtu mzima lina takriban milimita 24 tu. Konea ya farasi si duara kamili. Imetanuka zaidi kwa upana kuliko kwa kimo.

Ukubwa huo humwezesha kwanza kufungua mboni kwa upana na kupokea mwanga mwingi, jambo lenye thamani kwa mnyama anayekesha akila sehemu kubwa ya usiku. Pili, jicho refu hutupa taswira kubwa zaidi juu ya retina, ile tabaka nyembamba ya nyuma inayopokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa za neva. Hata hivyo, taswira kubwa si lazima iwe taswira kali, kwa kuwa ikiangukia seli zilizotawanyika, mambo madogomadogo hupotea. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mkanganyiko mwingi unaojibiwa katika swali la 5 na la 16.

2. Kwa nini mboni ya farasi imelala badala ya kuwa ya mviringo?

Mboni iliyolala hupokea mwanga mwingi kutoka mbele, pembeni na nyuma, na kuupunguza ule unaotoka juu, ambako jua lipo na hatari kwa kawaida haipo. Zaidi ya hayo, kwa kuwa uwazi wa mboni ni mwembamba kutoka juu kwenda chini, mistari ya mlalo inayotokea kwenye uso wa ardhi huonekana bila ukungu mwingi hata ikiwa katika umbali tofauti. Mnyama anayetegemea kukimbia anahitaji kuiona vizuri ardhi atakayoikanyaga, na pia kuliona jambo lolote linalojitokeza kwenye upeo wa macho.

Lakini je, faida hiyo haipotei anapoinamisha kichwa ili ale majani? Haipotei, kwa sababu macho yenyewe huzunguka ndani ya matundu yake. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2015 walionyesha kuwa macho ya wanyama walao majani, farasi akiwemo, yanaweza kuzunguka kwa nyuzi 50 au zaidi, kila jicho kwa mwelekeo wake, ili mboni ibaki sambamba na ardhi. Ukisimama pembeni mwa farasi anayekula, kisha ukamtazama tena anapoinua kichwa, utaliona jambo hili bila kifaa chochote: uso umebadili mwelekeo, lakini mstari wa mboni umebaki umelala vilevile.

Gizani mboni hupanuka na kukaribia umbo la mviringo. Mtoto wa farasi aliyezaliwa karibuni naye huwa na mboni ya mviringo zaidi, na hilo si kasoro.

3. Vinundu vyeusi vinavyoning'inia kwenye ukingo wa mboni ni uvimbe?

Hapana. Ni sehemu ya kawaida ya irisi, yaani ile sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni. Vile vya ukingo wa juu huwa vikubwa kuliko vya chini, na inaaminika kuwa kazi yake ni kuikinga mboni dhidi ya mwanga mkali wa juu. Kinachostahili kuonyeshwa kwa daktari wa mifugo ni kinundu kimoja kinachokua kuliko vingine, chenye uso laini wa mviringo, hasa kikianza kuziba mboni. Hicho kinaweza kuwa kifuko cha majimaji.

4. Ni kweli kwamba farasi huona pande zote kwa wakati mmoja?

Karibu, lakini si zote. Kwa kuwa macho yamekaa pembeni mwa kichwa, akisimama na kichwa chake kimenyooka huona takriban nyuzi 350 kati ya 360 zinazomzunguka. Sehemu kubwa ya eneo hilo huonwa na jicho moja moja. Eneo la mbele linaloonwa na macho yote mawili kwa pamoja hukadiriwa kuwa kati ya nyuzi 65 na 80.

Yapo maeneo asiyoyaona kabisa. La kwanza ni nyuma yake moja kwa moja, takriban kwa upana wa mwili wake. La pili ni mbele ya paji la uso, karibu kabisa na ngozi. La tatu ni chini ya pua yake, ndiyo maana farasi anayelishwa kwa mkono hautazami mkono wakati wa kuchukua chakula bali huutafuta kwa midomo na kwa nywele ndefu za mdomoni (tazama swali la 18). Mtu anayemkaribia kutoka nyuma huwa hayupo kwa farasi mpaka atokeze ubavuni. Kwa maoni yangu, mateke mengi yanayoitwa ya ukorofi ni mateke ya mnyama aliyeguswa na kitu ambacho, kwa upande wake, hakikuwepo.

5. Je, farasi huona mambo madogomadogo vizuri kama binadamu?

Huona vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani, ingawa hamfikii binadamu mwenye macho mazima. Kwa kipimo cha kawaida cha ukali wa kuona, farasi hukadiriwa kuwa na 20/30 hivi. Maana yake ni kwamba jambo ambalo mtu mwenye macho mazuri angelitambua akiwa umbali wa mita 9, farasi angelazimika kusogea hadi mita 6. Kwa kulinganisha na mbwa au paka, hicho ni kiwango cha juu sana.

Tofauti kubwa zaidi iko katika mgawanyo. Retina ya binadamu ina kidoa kidogo katikati chenye ukali mkubwa, na ndiyo sababu tunazungusha macho kukielekeza kitu tunachokisoma. Retina ya farasi haina kidoa hicho. Badala yake ina ukanda mwembamba uliolala kutoka upande mmoja hadi mwingine, na humo ndimo seli za neva zilimojazana. Kwa hiyo huona vizuri kiasi upeo wote wa macho kwa pamoja, bila kulazimika kuangaza huku na huku, lakini kitu kilicho juu au chini ya ukanda huo hukiona kwa ukungu zaidi. Farasi wenye vichwa virefu huwa na ukanda ulio dhahiri zaidi kuliko wale wenye vichwa vifupi, kwa hiyo haifai kudhani kwamba farasi wote huona dunia ileile.

## Kulenga na kupima umbali

6. Nimesoma kwamba retina ya farasi ina mteremko, na kwamba huinua au kushusha kichwa ili alenge. Ni kweli?

Si kweli, ijapokuwa maelezo hayo bado yanarudiwa. Nadharia ilikuwa hivi: kwa kuwa farasi ana uwezo mdogo wa kubadili umbo la lenzi yake, lazima retina yake iwe mbali na lenzi katika sehemu moja na karibu katika nyingine, na kichwa kinachoinuka na kushuka hupeleka taswira kwenye sehemu inayofaa. Mwaka 1975 Sivak na Allen walipima macho ya farasi wakaonyesha kuwa mteremko huo haupo kwa namna iliyodaiwa.

Sehemu moja ya nadharia hiyo ilikuwa sahihi: uwezo wa kulenga ni mdogo kweli. Farasi hubadili nguvu ya lenzi kwa chini ya dayopta 2 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), ilhali mtoto wa binadamu huzidi dayopta 10. Kimahesabu, jicho lisilo na kasoro lenye dayopta 2 haliwezi kulenga kitu kilicho karibu kuliko nusu mita. Mnyama ambaye umbali kati ya jicho lake na nyasi anazokula unakaribia kiasi hicho hahitaji zaidi. Farasi wengi hawana hitilafu kubwa ya kuona mbali au karibu. Wakipumzisha jicho, taswira ya kitu cha mbali huangukia retina ipasavyo.

7. Basi kwa nini huinua kichwa anapotazama kitu cha mbali, na kukishusha anapochunguza kitu kilicho mbele ya miguu yake?

Kwa sababu eneo linaloonwa na macho yote mawili halielekei mbele kwa usawa wa paji la uso, bali huelekea chini kwa kufuata mwelekeo wa pua. Utafiti wa Harman na wenzake uliochapishwa mwaka 1999 ulipima jambo hili. Kichwa kikiwa katika mkao wake wa kawaida, uso ukiwa umeinama kiasi kuelekea mbele, macho hutazama njia. Kikiinuliwa, eneo hilo huelekea kwenye upeo wa macho. Kikishushwa, huelekea ardhini.

Hapa ndipo wapanda farasi wanapopaswa kujiuliza wanachokifanya na hatamu. Farasi anayevutwa hadi pua yake ikarudi nyuma ya mstari wima hutazama ardhi iliyo mbele ya kwato zake, na mbele yake moja kwa moja haoni. Mzunguko wa macho ulioelezwa katika swali la 2 unaweza kufidia kiasi fulani, lakini mpandaji asidhani kwamba farasi anayepigwa marufuku kuinua shingo anaiona njia kama yeye aliye juu anavyoiona. Vivyo hivyo kwa farasi wa kuruka vizuizi: apewe uhuru wa kichwa akiwa bado mbali, kwa kuwa katika hatua za mwisho sehemu ya kizuizi huingia katika eneo asiloliona, naye huruka kwa kutegemea alichokwisha kukipima.

8. Je, anaweza kupima kina na umbali?

Anaweza. Katika eneo la macho mawili ana uwezo wa kulinganisha taswira mbili na kupata kina, na majaribio ya Timney na Keil yalilithibitisha hilo. Kwa jicho moja hutumia dalili nyingine, kama vile kitu kimoja kukifunika kingine, au mistari inayokaribiana kadiri inavyokwenda mbali. Watafiti haohao walionyesha kuwa farasi hudanganyika na mchoro wa mistari inayokutana, uleule unaotudanganya sisi kuona pau mbili zilizo sawa kana kwamba moja ni ndefu. Kinachomshinda ni dimbwi la maji au kivuli cheusi, ambavyo havimpi dalili yoyote ya kina. Anayekataa kuvuka maji ya kimo cha kifundo anakataa jambo ambalo kwa macho yake linaweza kuwa shimo.

## Rangi, mwanga na giza

9. Farasi huona rangi gani?

Huona rangi, ila kwa mpangilio wa aina mbili. Binadamu ana aina tatu za seli koni, ambazo ndizo seli za rangi. Farasi ana mbili: moja hupokea zaidi mwanga wa nanomita 428 hivi, ambao ni wa buluu, na nyingine hupokea zaidi ule wa nanomita 539 hivi, ulio katika eneo la kijani kibichi na njano. Vipimo hivyo vilichapishwa mwaka 2001.

Kwa hiyo buluu na njano huzitofautisha vizuri, lakini nyekundu, chungwa na kijani hukaribiana na kuwa vivuli vya njano iliyofifia au kahawia. Rangi ya kati, ile ya kijani inayoelekea buluu, humtokea bila rangi kama kijivu. Karoti iliyoanguka kwenye nyasi huipata kwa pua zaidi kuliko kwa rangi yake.

10. Je, rangi ya vizuizi ina umuhimu?

Ina umuhimu mkubwa, na Uingereza imechukua hatua rasmi. Kwa miaka mingi, mbao na reli za vizuizi katika mashindano yake ya mbio zilipakwa rangi ya chungwa, rangi inayomwakia binadamu machoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walichunguza vizuizi hivyo kwa kuzingatia jicho la farasi, wakaona kwamba chungwa juu ya nyasi za kijani halijitokezi sana. Nyeupe ilijitokeza zaidi, pamoja na njano kali na buluu katika baadhi ya sehemu. Mwaka 2022 viwanja vya mbio vya nchi hiyo vilianza kubadili chungwa kuwa nyeupe.

Kwa anayejitengenezea vizuizi mwenyewe, linalozingatiwa kwanza ni utofauti wa weusi na weupe kati ya kizuizi na kilicho nyuma yake. Rangi hufuata.

11. Farasi huona usiku?

Huona vizuri sana. Kwa kila seli koni moja retina yake ina takriban seli fimbo 20, na seli fimbo ndizo zinazofanya kazi katika mwanga hafifu bila kujali rangi. Ongeza mboni inayofunguka kwa upana na tabaka inayoakisi mwanga (swali la 12), na utaelewa ni kwa nini farasi huru hutembea usiku bila kujikwaa.

Evelyn Hanggi na Jerry Ingersoll waliwafundisha farasi wanne kutofautisha duara na pembetatu, kisha wakapunguza mwanga hatua kwa hatua kutoka mwanga wa machweo wa uwanda wazi hadi giza la msitu mnene usiku usio na mwezi. Farasi waliendelea kuchagua kwa usahihi mpaka karibu na mwisho wa kipimo, na waliweza kupita kati ya vikwazo katika giza ambamo watafiti wenyewe hawakuona kitu. Mpanda farasi anayewasha tochi njiani usiku anajisaidia yeye; farasi anampotezea uwezo aliokwisha kuujenga.

12. Kwa nini macho yake hung'aa yakimulikwa usiku?

Nyuma ya retina, hasa katika nusu ya juu, kuna tabaka iitwayo tapetamu, iliyotengenezwa kwa nyuzi za kolajeni zilizopangwa kwa utaratibu. Mwanga uliopita kwenye retina bila kunaswa huakisiwa na kurudi, hivyo seli hupata nafasi ya pili ya kuunasa. Unaobaki hutoka nje ya jicho, nasi huuona kama mng'ao wa buluu, kijani au njano. Gharama yake ni kwamba mwanga unaorudi hutawanyika kidogo na kupunguza ukali wa taswira. Tapetamu kukaa juu kuna mantiki, kwa kuwa taswira ndani ya jicho imepinduliwa: nusu ya juu ya retina hupokea mwanga unaotoka ardhini, palipo na giza kuliko angani.

13. Mbona basi husita kuingia banda au gari lenye giza, ikiwa huona vizuri gizani?

Kuona gizani ni jambo moja, kuzoea giza ni jingine. Macho ya farasi huchukua muda mrefu kuliko yetu kuhama kutoka mwanga mkali hadi giza, na hesabu yake ni ya makumi ya dakika. Anayetolewa kwenye jua la mchana na kuelekezwa kwenye mlango mweusi haoni sakafu, haoni ukuta wa nyuma, na anaombwa aingie. Fungua milango ya mbele, washa taa ndani, na umruhusu asimame kizingitini. Fimbo haiharakishi retina.

## Tabia zinazotokana na macho

14. Ni kweli kwamba alichokiona kwa jicho moja hakijui kwa jicho la pili?

Dai hili ni maarufu sana, na si sahihi. Ni kweli kwamba nyuzi nyingi za neva ya macho, zaidi ya asilimia 80, huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo. Lakini nusu mbili za ubongo wa farasi zimeunganishwa, na jaribio la Hanggi la mwaka 1999 lilionyesha kuwa farasi aliyejifunza kuchagua alama akitumia jicho moja huichagua pia akitumia la pili, baada ya lile la kwanza kufunikwa.

Basi mbona anapita pipa salama akienda, halafu analishtukia akirudi? Kwa sababu akirudi pipa hilo si lilelile kwa macho yake. Mwanga unatoka upande mwingine, kivuli kimehama, na kitu chenyewe kinaonekana kutoka pembe ambayo hajawahi kuiona. Majaribio ya kuzungusha vitu yameonyesha kwamba farasi huvitambua katika baadhi ya pembe na kushindwa katika nyingine. Dawa ni kumpitisha pande zote mbili na kumruhusu atazame.

15. Kwa nini hushtushwa na mfuko wa plastiki unaopeperuka, lakini si na trekta lililosimama?

Kwa sababu sehemu kubwa ya retina yake, nje ya ule ukanda wa swali la 5, hukamata mwendo vizuri kuliko umbo. Mfuko unaopepea pembeni humfikia kama mwendo wa ghafla usio na jina, na mnyama wa kuwindwa hakimbii baada ya kuthibitisha. Kwanza hukimbia, kisha hugeuka kutazama. Tafiti kadhaa zimeonyesha pia kwamba kitu kipya au cha kutisha hupendelea kukitazama kwa jicho la kushoto, na farasi anayekaribiwa na kitu cha kushtua upande huo huonyesha woga zaidi.

Uwezo huu wa kukamata mwendo mdogo uliwahi kuwachanganya wasomi. Mwanzoni mwa karne ya 20 jijini Berlin, farasi Hans wa mwalimu Wilhelm von Osten alisifika kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst aligundua kwamba Hans alikuwa akisoma mabadiliko madogo mno katika mkao na kichwa cha muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua kuwa anayafanya. Muulizaji asipolijua jibu, au asipoonekana, Hans naye hakulijua. Hesabu hakuwa nayo, lakini jicho alikuwa nalo, na kwangu mimi hilo halikuwa jambo dogo.

16. Je, farasi hutuona wakubwa kuliko tulivyo?

Hapana. Taswira kwenye retina yake ni kubwa kuliko kwenye yetu kwa kuwa jicho lake ni refu, lakini vitu vyote hukuzwa kwa kiwango kilekile, vikiwemo kwato zake mwenyewe. Ubongo hupima ukubwa kwa kulinganisha. Farasi angetuona majitu, angekosea kila mlango anaopita.

17. Vikinga-macho vya pembeni vinafanya kazi gani?

Huondoa sehemu ya nyuma na ya pembeni ya eneo analoliona, ili farasi wa mkokoteni au wa mbio asivurugwe na magurudumu na wenzake walio nyuma. Humtuliza mmoja na kumtia hofu mwingine, kwa kuwa sauti anaendelea kuisikia asione inakotoka. Visivuliwe ghafla akiwa bado amefungwa kwenye mkokoteni.

18. Nywele ndefu za kuzunguka macho na mdomo zikatwe?

Zisikatwe. Kila mojawapo ina mizizi yenye neva nyingi, na hufanya kazi pale macho yasipofika, yaani chini ya pua na karibu kabisa na jicho. Anayepapasa ukutani gizani huzitumia kujua umbali kabla hajajigonga. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, tangu tarehe 1 Julai 2021 haliruhusu farasi aliyenyolewa nywele hizo kushiriki mashindano yake, isipokuwa zimeondolewa na daktari wa mifugo kwa sababu ya maumivu au matibabu.

## Hali zisizo za kawaida na magonjwa

19. Farasi mwenye macho ya buluu huona vibaya?

Huona sawa na wengine. Irisi ya buluu ina rangi asilia kidogo, basi. Anaweza kukonyeza zaidi kwenye jua kali. La kuangaliwa zaidi ni ngozi: kope za waridi zisizo na rangi asilia hushambuliwa kwa urahisi zaidi na saratani ya ngozi, hivyo barakoa ya kukinga jua na ukaguzi wa mara kwa mara vina maana.

20. Farasi wangu wa madoadoa hupotea kabisa jioni. Kuna uhusiano?

Inawezekana. Farasi wa aina ya Appaloosa na wengine wenye madoa ya mtindo wa chui, wakirithi jeni ya madoa hayo kutoka kwa wazazi wote wawili, huzaliwa na upofu wa usiku usioongezeka wala kupungua. Chanzo kiko katika jeni iitwayo TRPM1, inayohitajika ili taarifa za seli fimbo zipokelewe na seli zinazofuata. Mchana huona kama kawaida. Kipimo cha jeni kipo, na farasi wa namna hii apewe mwanga bandani na asipandwe gizani. Yaliyosemwa katika swali la 11 hayamhusu.

21. "Upofu wa mwezi" ni nini?

Ni uvimbe wa tabaka za ndani za jicho unaokuja, unatulia, kisha unarudi. Watu wa zamani waliuhusisha na mwezi kwa sababu ya kurudi huko. Ndio chanzo kikuu cha upofu wa farasi duniani. Mfumo wa kinga hushambulia jicho lenyewe, na bakteria wa Leptospira ni miongoni mwa vichochezi vinavyojulikana. Appaloosa wamo hatarini zaidi. Kila mzunguko huacha kovu, na mwishowe huja mtoto wa jicho, glakoma (shinikizo kubwa ndani ya jicho) au retina kubanduka, kwa hiyo jicho linaloonekana kupona lenyewe baada ya siku chache halijapona.

22. Ni dalili zipi zisizosubiri kesho?

Jicho lililofumbwa nusu au lote, machozi yanayotiririka, konea yenye ukungu wa buluu au weupe, kope zilizovimba, au mboni iliyosinyaa kuliko ya jicho la pili. Dalili moja hupitwa na wengi: kope za juu za farasi mwenye jicho zima huchomoza karibu kwa mlalo, na zikianza kuelekea chini upande mmoja tu, upande huo unauma.

Usimpake dawa iliyobaki kabatini. Dawa nyingi za macho zina steroidi, yaani kemikali ya kupunguza uvimbe, ambayo ikiwekwa juu ya kidonda cha konea huweza kukifanya kiyeyuke au kuvamiwa na kuvu. Daktari huweka kwanza rangi ya fluoresini. Palipo na kidonda hung'aa kijani, na hapo ndipo dawa huchaguliwa.

23. Hutikisa kichwa kwa nguvu kila akitoka juani. Ni macho?

Mara nyingi si jicho lenyewe bali ni neva ya hisia za uso inayohisi kupita kiasi, na kwa baadhi ya farasi mwanga mkali ndio unaoiamsha. Akitulia kivulini, usiku, au akivaa barakoa inayokinga miale ya jua, dhana hiyo hupata nguvu. Meno, masikio na pua vichunguzwe pia.

24. Farasi aliyepoteza jicho moja, au yote mawili, anaweza kuishi vizuri?

Wa jicho moja, mara nyingi ndiyo, na wengi huendelea kupandwa wakishajifunza kugeuza kichwa zaidi. Kipofu kabisa anategemea zaidi tabia yake na mpangilio wa mahali. Maji, chakula na uzio visihamishwe. Asemeshwe kabla ya kuguswa. Mwenzake mtulivu aliyevishwa kengele humsaidia sana. Farasi aliyepofuka polepole huzoea kuliko aliyepofuka ghafla.

25. Nitajuaje nyumbani kama jicho linaona?

Peleka kiganja haraka kuelekea jichoni, bila kuligusa na bila kusukuma upepo. Anayeona hukonyeza au hurudisha kichwa. Watu wengi hukosea hapa, kwa kuwa upepo wa mkono huzigusa zile nywele za swali la 18 na farasi kipofu naye hukonyeza. Weka kioo au plastiki angavu katikati, au tumia kidole kimoja. Mtoto wa farasi huanza kujibu kipimo hiki akiwa na umri wa wiki mbili hivi, kwa hiyo wa siku tatu asihukumiwe nacho.

Mboni kusinyaa kwa tochi hakuthibitishi kwamba anaona. Kunaonyesha tu kwamba mwanga umefika na neva zinazoongoza mboni zinafanya kazi. Jicho likiwa na mtoto wa jicho mzito, daktari hatauona upande wa nyuma, na kabla ya kuamua upasuaji huomba kipimo cha umeme wa retina, kwa kuwa kuondoa lenzi iliyoganda hakuna faida ikiwa retina iliyo nyuma yake imeshakufa.